Nyasi Isiyochanua Mbele ya Watu

Vijana, pigeni magoti kwanza. Si kwa maombi, ingawa hata hayo hayadhuru. Nataka mjue kwamba nyasi haitazamwi na mtu aliyesimama. Ukisimama, nyasi yote duniani ni kijani tu, na utakachojua ni kwamba wewe ni mrefu. Niliambiwa hivyo siku yangu ya kwanza kazini, na aliyeniambia hakuishia mdomoni. Alinikamata bega akanibonyeza chini mpaka suruali niliyotoka nayo nyumbani ikanywa tope la Buruburu.

Ninaandika haya kwa sababu juzi mlikuja kwangu, ninyi wa kile kikundi cha kupendezesha barabara, mkanionyesha picha kwenye simu. "Buda, hii tumepanda ni nini? Mbona inaingia hadi kwa sukuma wiki za watu?" Niliitazama ile picha, nikavaa miwani, nikavua, nikavaa tena. Sikuweza kusema. Mmoja wenu akacheka chini chini kwamba mzae ameisha. Huenda ni kweli. Lakini picha haina mizizi, haina manyoya ya kupapasa, na huwezi kuichana kwa ukucha. Nikaona heri niwaandikie ninachokijua, pamoja na nisichokijua, halafu mwende mkapige magoti wenyewe. Shule yangu ilikuwa fupi. Nimezoea kuandika kidogo kila jioni, na kila nikisoma nilichoandika jana naona kimepinda. Mkikuta nimekosea, mseme.

Jina langu Zablon. Nilitoka upande wa Vihiga kuja kutafuta kazi ya kiwanda, kama kila mtu aliyetoka kwetu. Kiwanda hakikunipata. Nilikaa Shauri Moyo kwa binamu yangu, na asubuhi nilikuwa naifuata Jogoo Road kwa miguu nikiulizia kibarua. Wakati huo Buruburu ilikuwa inajengwa awamu kwa awamu: juu vigae vipya, chini udongo mweusi unaonasa kiatu. Nyumba zilipangwa kwa makoti. Koti moja ni nyumba kadhaa zinazotazamana, katikati kiwanja kidogo cha wote. Walionunua walikuwa watu wa ofisi, na mtu wa ofisi akishapata funguo ya nyumba, kitu kinachofuata kichwani mwake ni nyasi.

Aliyekuwa akiwapandia ni Mama Njeri, mama mmoja wa Limuru, mfupi, gambuti miguuni na kitambaa kichwani, sauti ya kuitia watu kutoka ng'ambo ya bonde. Nyasi aliitoa kwao kwa magunia, ikaletwa na pikapu ya kuazima. Alikuwa na wanawake wake wa kupanda, nami nilichukuliwa kubeba. Wanawake waliniita Bwana Gunia. Sikulipenda jina hilo, lakini kwa haki niseme kwamba ndiyo kazi pekee niliyoijua.

Alipoona sichoki haraka, akanipa kazi ya kukata. Nyasi ile haipandwi kwa mbegu. Unapanda kamba zake, yaani yale matawi yanayotambaa. Akaniambia nikate vipande vya urefu wa kidole. Nikakata kwa bidii, vyote sawa kama sigara kwenye pakiti, nikajisifu moyoni. Tukapanda, tukamwagia maji, tukangoja. Upande wa wanawake ukaota. Upande wangu ukawa kama kichwa cha mtu aliyepata mashilingi, mabaka mabaka yasiyo na nywele. Mama Njeri akachimbua kipande kimoja.

"Zablon, kiungo kiko wapi?"

"Kiungo gani, Mama?"

"Pale panapotoka mzizi na jani. Hapa umepanda katikati ya kiungo na kiungo. Umezika maiti."

"Vyote?"

"Vingi. Na viungo vya nyasi hii viko karibu karibu! Mtu akitaka kuvikosa hivi lazima awe amesomea."

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Tangu siku hiyo nikaacha kuwa Bwana Gunia, nikawa Bwana Makaburi. Basi nanyi mkikata kamba, hesabuni viungo, msihesabu urefu.

Sasa nije kwenye kutambua. Nyasi ya Kikuyu, hiyo tuliyokuwa tukiipanda, ni ya kwetu hapa hapa, ya nyanda za juu kwenye ubaridi. Haikuletwa na mtu. Wageni ndio walioichukua wakaipeleka kwao. Ukishaipanda inakaa miaka na miaka. Tatizo ni kwamba ina jirani anayefanana nayo akiwa mdogo, na jirani huyo ndiye thangari. Thangari hakuna aliyewahi kuipanda kwa kupenda. Mkulima akisikia jina lake tu mgongo unamuuma.

Anza na kamba. Ya nyasi ya Kikuyu ni nene, imejaa, inakaribia bomba la kalamu ya biro. Zingine hutambaa juu, zingine hupita chini ya udongo, kwa hiyo mtu akikuonyesha kamba nyeupe iliyotoka chini usikimbilie kupiga kelele. Ya thangari ni nyembamba kama waya na ncha yake inachoma. Nimewahi kuona imeingia kiazi upande huu ikatokea upande ule, na kiazi hakikuwa na habari. Halafu shika jani changa la nyasi ya Kikuyu. Limekunjwa katikati, na ukilipapasa lina manyoya laini, kama sikio la ndama. Livute taratibu liachane na bua. Pale pembeni, ndani, utaona kama kope za jicho: mstari wa vinywele vifupi vimesimama. Thangari haina kope hapo. Ina kijikaratasi chembamba kinachopitisha mwanga.

Na ikichanua, thangari inanyoosha kijiti juu chenye vidole kadhaa, kama mtu anayeomba kusema katika mkutano. Nyasi ya Kikuyu haiinui mkono hata siku moja. Nilimuuliza Mama Njeri, ua la nyasi hii basi liko wapi? Akanijibu huku akifunga gunia:

"Hii haichanui mbele ya watu."

Nikadhani ni mzaha wa wanawake wa Limuru. Nikaacha hapo.

Neno hilo lilikuja kututesa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Tulikuwa tumepanda koti moja, imeshika vizuri, mimi ndiye niliyekuwa nikiikata. Mwenyekiti wa kamati ya koti ile alikuwa Bwana Kariuki, karani wa serikali, mtu wa kunyoosha shati mwenyewe. Alikuwa akitarajia wageni, akaniagiza niiache nyasi irefuke ipendeze. Nikaiacha. Ikawa ndefu kweli. Kisha jirani yake, Mama Akinyi, mwalimu wa nasari, akakuta kamba nyeupe zimeingia katika tuta lake la sukuma wiki karibu na mfereji, lile bomba la maji la koti. Akamwita mwenyekiti. Mwenyekiti alipoziona akaenda kuosha mikono.

Jumapili baada ya kanisa kamati ikakutana pale pale kiwanjani, watu bado na nguo za ibada. Mama Njeri aliitwa, nami nikaja nyuma yake. Bwana Kariuki aliinama karibu na mfereji, akachomoa kamba, akamwinulia.

"Mama, hii ni nini?"

"Umeitoa wapi?"

"Katika nyasi yako. Hii ni thangari."

Mama Njeri alitembea hadi katikati ya kiwanja, akachomoa ya kwake, nene, akamletea puani.

"Na hii ni nini?"

Wakaanza. Walianza kwa Kikuyu, kwa kasi, na kila walipotaka sisi wengine tujue ni nani aliyetukanwa walirudi kwa Kiswahili kidogo.

Nisimwonee Bwana Kariuki. Hakuwa mkorofi. Alituambia siku ile kwamba mama yake, huko Nyeri, alikuwa na kahawa, na thangari iliingia katika kahawa ile. Utoto wake wote alimwona mama yake amepiga magoti akichuja udongo kwa vidole, na msimu uliofuata ilikuwa imerudi. Alisema, "Mimi nilinunua nyumba ya mji ili nisiione tena." Mtu wa hivyo akiona waya mweupe ardhini, haoni nyasi. Anamwona mama yake.

Lakini alichotaka ni kiwanja chote kichimbuliwe, kimwagiwe dawa, na kazi apewe mtu mwingine. Mama Njeri alijua maana yake. Makoti ya awamu mpya yalikuwa karibu kumalizika, wanakamati wote wanafahamiana, wanafanya kazi jengo moja. Ikisemwa kwamba Mama Njeri anapanda thangari, hakuna atakayemfungulia geti tena. Wala wale wanawake wake. Wala mimi.

"Kila nyasi ina ua," akasema Bwana Kariuki. "Hata mimi nilisoma hayo shuleni. Nionyeshe ua la hii yako, Mama, na nitakubali mbele ya wote."

"Haichanui mbele ya watu."

"Basi tugeuke tuangalie ukuta?" akasema Mama Akinyi. Koti nzima ikacheka. Mama Njeri hakucheka.

"Zablon," akasema mwenyekiti, "wewe ndiye unaikata kila mara. Wewe unasema ni nini?"

Vijana, pale ndipo nilipotamani kurudi kwenye magunia. Mkononi mwa huyu kulikuwa na kamba nyembamba. Mkononi mwa huyu kulikuwa na kamba nene. Wote wawili nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wakizichomoa katika kiwanja kimoja.

"Sijui," nikasema.

Mama Njeri akanitazama kama nimevua shati kanisani.

"Nipeni mpaka mwisho wa mwezi," nikaongeza. "Nitatafuta hilo ua."

Wakakubali, nadhani kwa sababu chai ilikuwa imeiva ndani.

Tulipokuwa tukirudi, Mama Njeri alitembea mbele yangu, gambuti zikipiga lami pa, pa, pa. Nikamfikia.

"Mama, hilo ua wewe umeliona kwa macho yako?"

"Nimeliona! Unaniuliza kama Kariuki? Asubuhi, jua likitoka. Nyasi inakuwa na nyuzi nyeupe, kama nywele za nyanya yangu. Ukichelewa hupati kitu, zimelala."

"Umeliona wapi?"

"Malishoni. Kule ng'ombe wanakula."

"Na nje ya uzio, kando ya njia, ambapo nyasi ni ndefu na ng'ombe hawafiki?"

Akasimama. Akafikiri, akajikuna chini ya kitambaa.

"Huko sijaona."

"Hata kidogo?"

"Wewe Zablon, mimi nilikuwa msichana napeleka maziwa. Sikuwa napima." Kisha, baada ya hatua kadhaa: "Lakini huko sijaona."

Basi nikajua la kufanya, au nilidhani nimejua. Nilihitaji kuwa ng'ombe.

Mashine ya kukata ilikuwa mali ya kamati, ile ya kusukuma kwa mikono yenye visu vya kuzunguka, na ilikaa kwa Bwana Kariuki. Kesho yake nikamwendea.

"Nataka kukata chini kabisa, Bwana Mwenyekiti."

"Chini kiasi gani?"

"Kama ng'ombe mwenye njaa."

Angeweza kunikatalia. Nyasi ndefu ilikuwa kwa ajili ya wageni wake. Alinitazama, akaingia ndani, akatoka na mashine na kopo la mafuta. "Usiwahi kusema sikukupa nafasi," akasema. Na mimi sijawahi kusema.

Nilishusha visu mpaka mwisho. Nilipomaliza, kiwanja kilikuwa rangi ya ugali wa mtama, mabua matupu. Mama Akinyi akatoka mlangoni akiwa na mwiko.

"Zablon, umenyoa au umechuna?"

"Itaota, Mwalimu."

"Itaota lini? Hii hata kuku akipita ataona haya."

Niliikata tena kila ilipoanza kunyanyuka, na jioni niliimwagia maji. Kulikuwa na sehemu moja tu mashine haikuingia, kati ya bomba la mfereji na ua wa michongoma. Hapo ilitakiwa nije na slasha. Ningependa kuwaambia niliiacha kwa akili, lakini niliiacha kwa sababu bega lilikuwa linauma.

Siku zikapita. Hakuna ua. Kila asubuhi niliingia kotini mapema, nikapiga magoti, nikakuta mabua yenye umande. Watu wakipita kwenda kazini wananisalimu kwa mlio wa ng'ombe. Hata mke wa mwenyekiti, mama mtaratibu sana, siku moja aliniuliza kama nimeshacheua. Nikaanza kujiuliza kama huyu mama wa Limuru hakuchanganya nyuzi za buibui na maua. Nikaanza kujiuliza kama mimi mwenyewe najua kazi yoyote. Usiku nikamwambia binamu yangu aulizie kiwandani tena.

Kisha ikafika asubuhi moja, mwezi ukikaribia kwisha. Nilipokaribia koti nikasikia makelele. Watu walikuwa wamesimama ukingoni mwa kiwanja, wengine na leso, mmoja na povu la kunyolea shavuni, na hakuna aliyekanyaga nyasi. Mama Akinyi alikuwa mbele, ameshika ndoo inayotoa mvuke.

"Usije karibu, Zablon! Imeshikwa na ukungu! Nimewafungia watoto ndani."

"Ndoo ni ya nini, Mwalimu?"

"Maji ya moto na sabuni ya kufulia. Naua kabla haijafika kwa sukuma."

Nikatazama. Kiwanja chote kilikuwa kimeota weupe. Nyuzi ndogo ndogo, laini, maelfu, zimesimama wima kutoka kwenye mabua niliyoyanyoa, zinatikisika, jua likizipiga kwa ubavu.

"Mwalimu," nikasema, "tafadhali weka ndoo chini. Nakuomba kama ndugu yako."

Bwana Kariuki akatoka, suti, tai, karatasi za ofisi kwapani. Aliwapita watu, akasimama ukingoni. Nikamwona anapandisha suruali kidogo kwenye mapaja, kama mtu anayeingia kitini, akapiga magoti. Nikapiga magoti kando yake. Nikachukua bua moja, nikalichana kwa ukucha kuanzia juu, pale jani linapolizunguka kama ala inavyoshika kisu. Ndani yake, limefichwa kabisa, kulikuwa na ua dogo la kijani lisilofanana na ua. Nyuzi zilikuwa zimetoka humo, na kila uzi una kifuko cha vumbi kwenye ncha. Nikamwekea kiganjani.

"Halitoki nje," nikasema. "Linatoa nywele tu."

"Na likikatwa chini ndipo linatoa?"

"Naona hivyo. Sijui kwa nini."

Wakati huo Mama Njeri naye alikuwa amefika, alikuwa na kazi koti ya pili. Alipoona ule weupe alipiga vigelegele, vile wanavyopiga kwao mtoto akizaliwa, mpaka madirisha ya juu yakafunguka. Mama Akinyi, ambaye dakika ile ile alikuwa tayari kuichemsha koti nzima, akamjibu kwa vigelegele vya kwao, ndoo bado mkononi, maji yakimwagika kwenye ndara.

Bwana Kariuki akasimama, magoti ya suti yameloa.

"Nilisema nitakubali mbele ya wote, na nimekubali. Si thangari." Kisha akanigeukia, taratibu, kama mtu anayetaka kufunga faili. "Zablon. Ni kiwanja chote?"

Mama Njeri alikuwa anacheka bado. Aliponitazama kicheko kikamsimama usoni, maana alinifahamu. Nilikuwa nimeshapita karibu na mfereji nikiingia, na nilikuwa nimeona. Pale ambapo mashine haikuingia, nyasi ilikuwa ndefu, na juu yake vijiti vimesimama, vidole vimetawanyika, vinaomba kusema.

Ningesema "ndiyo," mambo yangeisha. Sehemu yenyewe ilikuwa ndogo kama meza ya watu sita. Lakini nilikumbuka zile kamba mbili mikononi mwao siku ile ya Jumapili. Kila mmoja alikuwa amechomoa ukweli, ila mahali pake.

"Si chote, Bwana Mwenyekiti. Njoo uone hapa."

Nikawaonyesha. Kamba nyembamba, ncha ya sindano, kijikaratasi, vidole. Bwana Kariuki aliiangalia bila furaha, na hilo namshukuru nalo, maana angeweza kupiga kifua. Mama Njeri alisema neno moja la Kikuyu ambalo sikuambiwa maana yake. Kisha akasema kwa Kiswahili, polepole, nisikie:

"Zablon, mimi nilikufundisha kuangalia nyasi. Sikukufundisha kuniangalia mimi."

"Mama, sijasema ni wewe. Hapa palijazwa udongo wa lori wakati wa kufunga mfereji. Pengine ilikuja na lori. Pengine ilikuja na gunia. Sijui."

"Ni lori!"

"Inawezekana."

"Si inawezekana. Ni lori."

Mwenyekiti akakohoa. "Mama, mwisho wa mwezi kamati ilikuwa isikie kwangu kwamba unapanda thangari. Sasa watasikia kwamba aliyepanda alikuja na mtu wake akanionyesha ubaya wenyewe. Tuchimbue kona hii peke yake. Kule kwingine kubaki." Akavua koti la suti, akampa mke wake, akatupa tai begani, akaomba jembe la meno.

Hapo ndipo nilipojua ya kwamba yule karani alilelewa na mama wa kahawa. Alichimba kwa jembe la meno, si jembe la kawaida, maana la kawaida linakata kamba vipande vipande na kila kipande ni thangari mpya. Mama Njeri alipiga magoti upande wa pili, akawa anachuja udongo kwa vidole, anatoa hata kile kipande kidogo kama ukucha. Vyote tulivitandaza juu ya lami vikauke jua mpaka vivunjike. Nanyi msitupe pipani, msirundike kando, mtavikuta vimeota. Walichimba wakitaniana. Bwana Kariuki akasema watu wa Limuru wanachimba kama wanapapasa titi la ng'ombe. Mama Njeri akajibu kwamba watu wa Nyeri wanamwogopa mdudu mpaka wanakimbilia ofisini. Siku ile Bwana Kariuki alifika kazini na udongo kwenye kucha, na sijui alisema nini.

Mama Njeri hakunisemesha muda mrefu. Aliniagiza kupitia wanawake: mwambieni Bwana Makaburi alete maji. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, na nisingemlaumu. Kisha awamu mpya ikafunguliwa, na kamati ya koti ya kwanza kule ikamwita yeye. Pikapu ikafika, magunia yakashushwa, nami nikainama kubeba. Akaweka gambuti juu ya gunia.

"Usibebe. Fungua."

Nikafungua.

"Kagua."

"Nikague nini, Mama? Si ni zako kutoka nyumbani?"

"Nimesema kagua. Halafu nenda pale kwenye ule udongo wa lori, kagua nao. Wewe una macho yasiyo na rafiki, acha yafanye kazi."

Ndivyo nilivyopata cheo. Tangu hapo hakuna gunia lililopandwa kabla sijaingiza mikono na kupapasa mpaka chini: nene, nyembamba, manyoya, kope. Tulipanda makoti mengi mno pamoja. Katika magunia nilikuta thangari mara chache, katika udongo wa lori mara chache, na kila mara nikisema nimeikuta kwenye lori alinunua soda.

Siku hizi naona nyasi inakuja imekunjwa kama mkeka, inatandikwa asubuhi, jioni watu wanapiga picha. Sina neno baya nayo. Nasema tu mfunue mkeka mtazame chini yake.

Baada ya ninyi kuondoka juzi nilipata wasiwasi kwamba huenda nakumbuka mambo ambayo hayakuwa. Basi asubuhi nikashika fimbo nikaenda hadi ile koti. Kiwanja sasa ni kabro tupu, vile vitofali vya kupangwa chini, magari yameegeshwa. Mama Njeri ametangulia, Bwana Kariuki aliuza akarudi Nyeri. Nilizunguka, nikainama kati ya kabro na kabro, palipokanyagwa na matairi miaka yote. Zilikuwepo. Nyuzi nyeupe, fupi, zimesimama katika nyufa.

Kijana wa geti, nguo za kazi zimepigwa pasi hadi zinakata, akanijia.

"Niaje mzae. Umepoteza nini hapo?"

"Sijapoteza. Hebu piga magoti uone."

Akaangalia suruali yake, akaniangalia mimi, akapiga goti moja. Nikamfundisha: kamba, manyoya, kope, uzi. Alikuwa na macho mazuri kuliko yangu. Akaanza kutambaa peke yake kuelekea ukutani, pale ulipokuwa mfereji zamani, kisha akaita:

"Na hii yenye vidole, mzae, ni gani?"

Nikaja. Ilikuwa imenyoosha mkono juu kabisa, inaomba kusema. Nilicheka hadi kijana akanishika nisianguke. Mama Njeri angesema ni lile lori. Na mimi, nikitaka kusema haki, sina la kumpinga nalo.